Hatua Moja kwa Siku

Mama alipotoka jikoni na utepe wake wa kupimia nguo shingoni, akaelekea bustanini badala ya kwenda kwenye cherehani, nilijua yamenifika.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tuta la karoti, nang'oa magugu. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini, kofia yake ya wavu kwapani, anapiga hodi kwa sauti ile ile ya kila jioni. Kaka yangu, dereva wa lori, alikuwa amerudi safari mchana ule, naye amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma anakunywa chai. Yaani mashahidi walikuwa wametimia.

"Karibu, Fundi," Mama alisema. "Leo kabla hujasogeza huo mzinga wako wa nyuki, tupime kwanza."

Ngoja niseme tulifikaje hapo, maana ukinisikia katikati utadhani nyumbani kwetu hatuna akili.

Fundi ni seremala. Mwaka uliopita nilimwita aje kutengeneza banda la bata lililokuwa limeoza upande mmoja. Akiwa juu ya banda na misumari mdomoni, aliangalia maboga yangu yaliyotambaa hadi kwenye kamba ya nguo, akauliza kwa nini maua yanadondoka bila kuzaa. Nikamwambia sijui, ni mwaka wa tatu huu. Akatema misumari mkononi.

"Maua yako yamekosa mshenga, Bibi Shamba," alisema. "Nitakuletea washenga elfu ishirini."

Nilicheka siku ile mpaka bata wakanishangaa. Wiki iliyofuata akaleta mzinga, akauweka karibu na dirisha la jikoni, kwenye jua la asubuhi. Nyuki wake walikuwa wapole, mradi usiwasimamie mlangoni. Maboga yakazaa. Matango yakazaa. Naye akawa anakuja kukagua mzinga, kwanza mara moja kwa mwezi, halafu mara moja kwa wiki, halafu hata siku ambazo mzinga haukuwa na shida yoyote ya kukaguliwa. Na mimi, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu niliyekuwa nimeshazoea kuzungumza na bata, nikaanza kusuka nywele ili nikang'oe magugu.

Mama hakuwa mjinga. "Mtu mzima anayetegemea wadudu," alikuwa akisema, akikata uzi kwa meno. Au: "Aliwahi kuoa, mke akaondoka. Mwanamke haondoki tu." Kisha nyuki mmoja akaingia jikoni akamuuma Mama kwenye kope, siku moja kabla ya kupigwa picha ya kitambulisho kipya. Mpaka leo kitambulisho cha mama yangu kina jicho moja. Kaka alipoiona ile picha alilazimika kutoka nje. Mama yeye alitoa amri: mzinga uhamie ukutani, mwisho wa bustani, nyuma ya banda la bata. Leo hii.

"Haiwezekani leo hii, Mama," Fundi alimwambia. "Nyuki hashiki mzinga, anashika mahali. Ukimhamishia kule kwa mara moja, kesho akienda malishoni atarudi hapa hapa alipozoea. Atakuta patupu na atabaki hapo mpaka afe. Ama niwapeleke mbali sana, mwendo wa saa nzima kwa gari, ama tuwasogeze kidogo kidogo. Hatua moja kwa siku."

"Na kutoka hapa hadi ukutani ni hatua ngapi?"

Fundi alitembea bustani nzima kwa utulivu, akapita kati ya matuta, akarudi. "Ishirini na sita."

"Kwa hiyo wewe utakuja hapa siku ishirini na sita mfululizo."

"Nyuki ndio wanaotaka hivyo, Mama."

Mama alimtazama sana. Lakini maboga alikuwa ameyaona kwa macho yake, akakubali. "Ila sikia. Mzinga ukigusa ukuta, na safari zako hapa ndiyo mwisho. Asali ikikomaa utaitwa, na huyu kaka yake atakuwepo."

Fundi akatengeneza kigari kidogo cha mbao cha kubebea mzinga. Magurudumu aliyatoa stoo kwetu, kwenye kigari changu cha utotoni ambacho Mama hakuwahi kukitupa. Kila jioni, nyuki wakisharudi wote, alikuwa anakuja anasukuma hatua moja, halafu anakaa nusu saa kuhakikisha wametulia. Nusu saa ile nilikuwa naiishi siku nzima. Tulikuwa tunaongea mambo ya konokono, ya mbolea, ya yule bata dume mzee tuliyemwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna kikao kinachoanza bila yeye. Alikuwa ananitazama mikono nikiwa nafunga miche ya nyanya, na mimi nilikuwa nafunga mche mmoja kwa dakika kumi.

Siku ya sita nikapiga hesabu ya siku zilizobaki, nikaogopa. Alfajiri iliyofuata, nilipoenda kuwafungulia bata, nikauweka mkono kwenye kigari nikakirudisha nyuma nusu hatua. Kesho yake nikarudia. Siku nyingine nusu, siku nyingine zaidi kidogo. Sijui nilitegemea nini, maana ukuta haukuwa unakwenda popote. Fundi lazima aliona. Jioni ya saba alipofika kwenye mzinga alisimama akatabasamu peke yake, halafu akasukuma.

Basi ndiyo tukafika kwenye utepe.

Mama aliupima mwendo wote, kutoka ukuta wa jikoni hadi kwenye kigari, akihamisha utepe na kuweka kijiti kila ulipoishia. Alipomaliza alinyoosha mgongo.

"Siku ya kwanza niliipima hatua yako, Fundi. Sentimita sabini na tano. Umekuja siku kumi na nne. Hapa pangekuwa na mita kumi na nusu. Nina mita sita na chenga. Ama nyuki wamejifunza kuendesha gari, ama kuna mtu ananichezea akili ndani ya nyumba yangu."

Kaka aliacha kikombe hewani. Fundi alinigeukia, akanitazama. Nimeyaona macho yale mara nyingi tangu siku hiyo, nikiosha vyombo, nikilala. Hayakuwa macho ya kunilaumu. Yalikuwa yananipisha tu, kama mtu anavyosogea kando ili mwenzake apite mlangoni.

Nilifungua mdomo.

"Mama, taratibu," Kaka alisema. "Presha hiyo."

Nami nikaidaka ile presha kwa mikono miwili. Nikajiambia nikisema sasa hivi Mama atadondoka. Nikajiambia nitasema usiku, nitasema kesho, nitamwambia akiwa amekaa. Tangu Baba afariki sijawahi kumpinga mama yangu hata kwenye rangi ya pazia. Nikafunga mdomo.

"Ni mimi, Mama," Fundi alisema. "Nilikuwa nafupisha hatua. Naomba unisamehe."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, muda mrefu, utepe ukining'inia mkononi mwake. Nikainamisha kichwa kwenye karoti.

"Na mvi zako hizo," Mama alimwambia hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Nenda. Na usirudi."

Fundi akaenda. Kwenye matango alisimama, akaurudisha juu ya kamba mche uliokuwa umeanguka, akaufunga vizuri. Mwenyekiti alikuwa ametoroka yuko kwenye tuta la mchicha. Fundi alimwinua kwa mabawa, akamrudisha bandani, akafunga komeo. Alifuta viatu kwenye majani kama mtu anayeingia ndani na si anayetoka. Getini alishika chuma kwa muda.

"Msiusogeze wote kwa mara moja," alisema bila kugeuka. "Watapotea."

Geti likafungwa. Nilipofungua kiganja, magugu niliyokuwa nimeyashika hayakuwa magugu. Nilikuwa nimeng'oa karoti changa, nyembamba, tuta karibu zima.

Jioni ile ile Mama alimwambia Kaka ausukume mzinga hadi ukutani. Kaka alivaa koti la mvua na glavu za kubadilishia tairi, akasukuma kigari chote hadi nyuma ya banda. Haikuchukua hata dakika mbili.

"Siku ishirini na sita," Mama alisema, akijifuta mikono. "Kumbe ni dakika mbili."

Usiku huo sikusema, na asubuhi nilipoamka sikuwa na haja ya kuambiwa kuna nini bustanini. Nilisikia.

Walikuwa wametoka ukutani na jua, wakaenda malishoni, na sasa walikuwa wanarudi, mamia kwa mamia, pale pale mzinga ulipokuwa jana. Hapakuwa na kitu pale ila alama za magurudumu. Walizunguka hewani kwenye urefu ule ule wa mlango wao, wakatua kwenye vijiti vya Mama, kwenye majani ya mchicha, kwenye udongo mtupu, na wapya wakatua juu yao. Bata walikuwa wamefika na wanawadonoa. Mwenyekiti alikuwa ameumwa mguuni, anachechemea na bado anadonoa. Niliwafukuza bata huku nalia, na sikulia kwa sababu ya nyuki peke yao.

Mama alikuwa dirishani. Aliangalia kwa muda, mkono shavuni.

"Mpigie," alisema.

Simu iliita mara moja tu.

"Ni mimi," nilisema.

"Najua."

"Nyuki wame..."

"Wamerudi walipokuwa."

"Ndiyo."

"Fungia bata. Nakuja."

Alikuja na bomba lake la moshi wa kutulizia nyuki na hakupiga hodi ile ya kila siku. Alimwamkia Mama, akamsalimia Kaka, kwangu akasema tu, "Habari za asubuhi." Aliupulizia mzinga moshi kidogo, akaurudisha na kigari chake kwa mwendo wa pole hadi kwenye zile alama, akaupanga mlango wake sawasawa na jana, kisha akarudi nyuma akasubiri. Nyuki walikawia. Halafu mmoja akaingia, wengine wakasimama mlangoni wakitikisa mabawa kuwaita wenzao, na lile fungu la kwenye udongo likaanza kutembea kwa miguu kuelekea nyumbani.

Nilikwenda kusimama karibu naye. Karibu ya kunong'ona.

"Nisamehe."

"Wengi watapona," alisema. "Waliokufa si wengi."

"Sisemi nyuki."

Alikuwa anatazama mlango wa mzinga.

"Kwa nini ulijitwisha?" niliuliza.

"Sikujitwisha. Nilidhani nakushikia tu kwa muda." Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana ilinichoma. "Nilitembea polepole jana. Mpaka nikatafuta kazi njiani. Nikasema nikifika kwenye matango ataniita. Nikasema nikishamrudisha yule bata ataniita. Nikashika geti."

Jibu halikuwa lake, lilikuwa la mtu aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya nyuma na utepe shingoni. Nilimgeukia.

"Mama."

"Nasikia."

"Si Fundi aliyeharibu hesabu. Yeye alikuwa anasukuma hatua kamili. Ni mimi niliyekuwa naurudisha mzinga nyuma. Kila alfajiri, nikienda kufungulia bata."

Kaka aliweka kikombe chini. Mimi nilimtazama Mama, nikisubiri adondoke. Hakudondoka. Hata hakushtuka.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Magurudumu hayo nimeyasukuma miaka miwili, wewe ukiwa juu yake. Nishindwe kusoma alama zake zikienda na zikirudi? Na ndala zako ziko pembeni, moja imekatika kisigino."

"Sasa kwa nini ulimfukuza?"

Mama alishuka ngazi, akageuza ndoo iliyokuwa pale, akaikalia. Nilimwona amechoka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Nilikutazama mpaka macho yakaniuma. Mtu anabeba kosa lako mbele ya mama yako na kaka yako, anasutwa kwa mvi zake, na wewe umeshika karoti. Nikasema, basi, kumbe si kitu. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakosa usingizi bure."

"Ni kitu, Mama."

"Kitu gani? Kitaje."

Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mama yangu kuhusu mtu yeyote. Lilinitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, hata Mwenyekiti akajibu kutoka bandani.

"Nampenda. Nampenda, na ninataka awe anaingia hilo geti bila kusingizia nyuki."

Mama alivuta utepe shingoni, akaanza kuuzungusha kidoleni. "Na mimi nibaki na nani? Na bata?"

Kumbe ndiyo hiyo. Mwaka mzima wa wadudu na wake walioondoka, kumbe ilikuwa hiyo tu. Nilitaka kwenda kumshika lakini aliinua kiganja.

"Sijasema nimemkubali," alisema.

"Hata hajaomba, Mama," Kaka alisema kwa upole.

Wote tukamgeukia Fundi. Alikuwa amevua ile kofia ya wavu na ameishika kifuani. Nilimwona kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake wote, na macho yake mekundu. Hakuwa na tabasamu nililolitegemea.

"Nimesikia," aliniambia. Aliniambia mimi, si Mama. "Nashukuru umesema. Lakini siwezi kudanganya, jana iliniuma. Niliishi na mtu aliyeninyamazia miaka minne, siku aliyoondoka aliondoka hivyo hivyo, kimya. Siwezi tena. Hata kwako siwezi."

"Nimeshasema sasa."

"Umesema leo, nyuki wakiwa chini." Alipiga magoti, akagusa gurudumu la kigari, akasimama tena. "Kuanzia kesho siji. Kuusukuma mzinga unajua. Zimebaki hatua kumi na nane. Usogeze wewe, mbele, moja kwa siku. Usirudishe, na usikimbize. Siku mzinga ukigusa ukuta, nipigie. Nitakuja na mjomba wangu, tumwombe Mama tukae tuzungumze."

"Na usipogusa?"

"Nitakuwa nimejua."

Fundi alimuaga kwa heshima, akachukua bomba lake la moshi. Nilimtazama akienda. Kwenye matango hakusimama. Bata walipiga kelele, hakuwageukia. Safari hii alitembea kama mtu anayewahi kazini, na geti likafungwa kabla sijajua kama niseme kwaheri au nisiseme.

Siku ile nilipanda upya karoti. Udongo ulikuwa mkavu, nikaumwagilia mara mbili, na kila nilipoinua kichwa nilikuwa natazama geti.

Kesho yake alfajiri nilitoka kama kawaida yangu. Nyuki walikuwa bado ndani, wanavuma kwa chini. Niliweka mikono yote miwili kwenye kigari, mahali pale pale nilipozoea kukivutia nyuma, nikasukuma mbele hatua moja. Magurudumu yalilia kidogo, yakatulia.

Nyuma yangu mlango wa jikoni ulifunguka. Mama alikuja na kanga yake ya kulalia, akainama kwa shida, akanipa ncha moja ya utepe bila kunitazama. Yeye akashika ya pili.

"Ngapi?" aliuliza.

"Sabini na tano."

"Sabini na tano," alisema, akarudi ndani.

Nilibaki pale. Ukuta ulikuwa unaonekana wote, tofali kwa tofali, nyuma ya banda la bata. Dakika mbili, Kaka alikwisha kunionyesha. Mikono ilikuwa bado kwenye kigari na mwili wangu wote ulikuwa unataka kusukuma. Nikautoa mkono mmoja, kisha wa pili, nikaenda kuwafungulia bata.